Uzi wa Mafuta ya Kondoo

Jumatano ya tarehe kumi na nne, mwezi wa sita, Wifi alikataa kula.

Mtu mwingine atasema mbwa kukataa chakula nayo ni habari? Kwangu mimi ni habari. Wifi hakuwahi kukataa hata ganda la ndizi. Siku moja nilisahau kiatu mlangoni, akala ngozi yote akaniachia soli, kama mgeni mwenye adabu anavyoacha mifupa kwenye sahani. Asubuhi hiyo ya Jumatano nilimwekea chakula chake, akakinusa, akaniangalia, akageuka. Halafu akaanza kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani, kutoka kwenye cherehani hadi chini ya benchi. Akilala anainuka, akiinuka hajui aende wapi. Mwishowe akanyoosha shingo na kutapika povu la njano juu ya kitambaa cha mheshimiwa.

Mimi ni fundi wa makochi, na kitambaa hicho kilikuwa cha kochi la ofisi ya mkubwa mmoja wa mjini. Hospitali iliyo chini yake watu wanalala chini, lakini kochi lake lazima liwe la mahameli, tena liwe na vifungo mgongoni kama koti la bwana harusi. Nikafuta povu kwa kitambaa cha mkono. Nikamwambia Wifi, "Hapo umefanya kazi nzuri, ila umekosea mahali. Ungemtapikia mwenyewe."

Jina la Wifi alilitoa marehemu mke wangu. Alimwokota mtaroni nyuma ya soko akiwa kitoto, na tangu siku ya kwanza mbwa yule akawa upande wangu katika kila ugomvi. Mke wangu akinigombeza, mbwa anakuja kukaa miguuni pangu na kumkazia macho. "Huyu si mbwa," akasema mke wangu, "huyu ni wifi yangu kabisa. Kaka yake hakosei." Jina likaganda. Dada yangu wa damu alikuja kututembelea, akasikia jikoni, "Wifi, toka hapa, unanuka!" Alifunga mzigo wake kabla chai haijachemka.

Jumatano nzima Wifi alitembea. Alhamisi nikamfunga kamba, nikampeleka kwa bwana mifugo.

Ofisi ya bwana mifugo ina dirisha na ina meza. Kuna mlango pia, lakini huo ni wa kwake. Sisi wengine tulipanga foleni juani, mmoja na mbuzi, mmoja na kuku kwenye kapu, mimi na Wifi ambaye hakutaka kukaa wala kusimama. Tulipofika dirishani, bwana mifugo alikuwa anaongea na simu. Akaziba simu kwa kiganja.

"Ana nini?"

"Hali chakula. Anatapika. Hatulii."

"Anaharisha?"

"Hata choo hapati."

"Minyoo hiyo." Akanisogezea vidonge kwenye kipande cha gazeti.

"Hutamwangalia, mkuu?"

"Mzee, nimekwambia minyoo. Mwenye mbuzi, sogea."

Hakumgusa. Hakusimama hata kumwona amekaaje. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevimba kama andazi, nikampa Wifi vidonge, akavitapika na maji yote aliyokunywa.

Watu wananiambia nina kinyongo na wakubwa. Ninacho, na hakikuanza kwa mbwa. Mke wangu alikufa kwa kidole tumbo, ugonjwa ambao wanasema siku hizi hauui mtu. Tulifika hospitali asubuhi, daktari mkuu yuko kwenye kikao. Mchana, kikao. Nesi akatuambia mama huyu ni gesi tu, anywe maji ya moto. Walipokuja kumfungua, kilikuwa kimeshapasuka. Nilimfuata daktari kwenye korido, nikamuuliza swali moja tu: mngemfungua asubuhi ile, angepona? Akanishika bega. "Pole sana, mzee." Akaingia kwenye mlango wenye maandishi nisiyoyajua, maana shule mimi niliishia kwenye hesabu za kutoa. Swali langu liko pale koridoni mpaka leo, labda anayefagia amelikuta.

Ijumaa Wifi akachuchumaa uani. Alijikunja kwa nguvu, mgongo umepinda kama upinde, halafu hakikutoka kitu. Nikasogea nione. Chini ya mkia palikuwa pamechungulia ncha ya uzi.

Niliujua ule uzi. Vifungo vya kochi vinashonwa kwa uzi mnene wa nailoni, kwa sindano ndefu inayotoboa sponji mpaka upande wa pili. Uzi mkavu unakwaruza na kukatika. Mafundi wengine wanaupaka nta. Bwana aliyenifundisha kazi alinifundisha kuupaka mafuta ya kondoo, na sikuona sababu ya kubadili. Unateleza vizuri. Na unanukia, sasa najua.

Nilichofanya, fundi yeyote angekifanya. Mkono wa fundi ukiona ncha ya uzi inaning'inia, hauombi ruhusa kichwani. Kwenye mto, kwenye shati la mtu usiyemjua, kwenye suti ya mchungaji, unashika na kuvuta. Nikashika. Nikavuta. Ukaja kidogo, ukanyooka, ukagoma. Nikavuta tena, safari hii kwa nguvu. Wifi akapiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwake, akanigeukia na meno wazi, halafu badala ya kuniuma akaulamba mkono wangu. Nikaukata uzi kwa mkasi pale ulipofika, nikasema basi, kilichobaki kitatoka chenyewe.

Jirani yangu, seremala anayenichongea fremu, alikuwa ameegemea ukuta anatazama. Tunamwita Msumari, kwa wembamba wake na kwa maneno yake.

"Ndugu yangu," akasema, "huko unakovuta siko kunakovutwa."

"Wewe pigilia mbao zako."

"Mimi nasema tu. Hata mtego, kabla hujauvuta, unaangalia umefungwa wapi."

Nilicheka. Nilifurahi, kusema kweli. Nilimwambia, unaona, bwana mifugo anasema minyoo, kumbe ni uzi! Nilikuwa tayari nimeshapanga maneno ya kwenda kumwambia dirishani pale mbele ya wenye mbuzi.

Jumamosi sikuwa na maneno. Wifi alikuwa amesimama katikati ya karakana, kifua na miguu ya mbele vimelala sakafuni, makalio yapo juu, kama mtu anayesujudu. Alikuwa anatetemeka. Nilimlaza, akainuka, akarudi vilevile. Nikahamisha kochi, nikahamisha benchi, nikafungua mlango, nikaufunga. Sijui nilifikiri nitafanya nini na benchi. Binti yangu akapiga simu kutoka anakoishi na mumewe, nikamweleza.

"Anakaa hivyo kwa sababu tumbo linamuuma, Baba. Mpeleke kliniki ya wanyama, ile iliyo nyuma ya stendi. Kuna daktari pale."

"Madaktari ni walewale."

"Baba."

"Watakuwa kwenye kikao."

"Baba, huyo mbwa ni wa mama." Akakata simu. Amerithi kukata maneno, na si kwangu.

Msumari akaleta mkokoteni wake wa mbao. Tukatandika sponji, tukamlaza Wifi, tukasukuma. Njiani kila penye jiwe tuliuinua mkokoteni.

Kliniki ilikuwa chumba cha kungojea chenye mabenchi, na chumba cha ndani chenye meza ya bati. Daktari alikuwa mwanamke, umri wa binti yangu, buti za mpira miguuni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kikao. Sikukuta kikao, na hilo lilinikera, maana nilikuja na hasira yangu imenolewa na hapakuwa na pa kuikatia.

Nesi wake, mama mnene mwenye aproni, akauliza jina la mgonjwa.

"Wifi."

"Siyo anayesindikiza. Mgonjwa."

"Ndiye Wifi."

Benchi zima likageuka. Msumari akaongeza, "Wifi wa marehemu," na mwanamke mmoja mwenye paka akasogea mbali nasi kidogo.

Daktari alianza kwa mikono. Alivuta ngozi ya shingo ya Wifi, akaiachia, ikabaki imesimama kama hema. "Amekauka maji," akasema. Akainua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole, pale alipobonyeza pakawa peupe, tukangoja, peupe pakarudia wekundu polepole mno. "Mzee wangu, hiki unaweza kukifanya hata nyumbani. Ufizi mzuri una wekundu wa afya, na ukibonyeza rangi inarudi hapohapo. Ukiona unapauka, usingoje kesho." Akapapasa tumbo, Wifi akaguna. Kisha akamfungua kinywa, kidole gumba kikasukuma kutoka chini ya taya, ulimi ukainuka.

"Njoo uone."

Chini ya ulimi, kwenye shina lake kabisa, palikuwa na uzi umejizungusha kama kitanzi. Nyama imevimba na kuumeza. Ncha zote zimeshuka kooni.

"Amekula uzi mrefu. Kitanzi kimeshika hapa, uliobaki umeteremka. Sasa utumbo kazi yake ni kusukuma. Unasukuma uzi, uzi hauendi, kwa hiyo utumbo wenyewe unapanda juu ya uzi na kujikunja, mkunjo juu ya mkunjo. Sijui nikueleze vipi—"

"Marinda," nikasema.

Akaniangalia.

"Ukipitisha uzi kwenye kitambaa cha pazia, ukafunga mwanzo, ukavuta mwisho, kinajikusanya. Marinda."

"Hayo hayo. Na ukivuta sana?"

Najua kinachotokea ukivuta sana. Uzi mgumu kwenye kitambaa laini haukatiki wenyewe. Unakata kitambaa, kwa ndani ya kila mkunjo, mahali ambapo jicho halifiki.

"Ndiyo maana nauliza," akasema daktari. "Kuna uzi ulioonekana nyuma, kwenye haja kubwa? Kuna mtu aliuvuta?"

Alikuwa ameinamisha kichwa, anamsikiliza Wifi moyo, hakuwa ananihukumu. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Na mimi, niliyesimama koridoni kudai ukweli kwa mtu mwenye koti jeupe, mimi mwenye kinyongo kinachojulikana mtaa mzima, nikasikia mdomo wangu ukisema:

"Hapana. Labda umuulize bwana mifugo."

Msumari alikohoa.

"Vizuri," daktari akasema. "Kama haujavutwa, tuna nafasi kidogo. Nikimfungua akiwa mkavu hivi, usingizi wa dawa unaweza kumchukua moja kwa moja. Tumtie maji kwanza, apate nguvu, jioni nimfanyie upasuaji. Kama ungekuwa umevutwa ningekuwa na hofu utumbo umetoboka, na hapo maji hayasaidii. Hapo ni kuingia mara moja."

Wakamtundikia dripu, wakamlaza kwenye kizimba chenye mlango wa wavu. Tuliruhusiwa kukaa karibu. Daktari akaenda kwa yule paka.

Nilikaa. Nikasimama. Nikasoma kwa shida tangazo la kichaa cha mbwa ukutani, nikafika katikati, nikaanza upya. Maji yalidondoka kwenye mrija. Msumari alikuwa ametoa penseli sikioni anakwangua kucha zake.

"Sema," nikamwambia.

"Mimi? Nina nini cha kusema? Mimi kazi yangu mbao."

"Uso wako unasema."

"Uso wangu umeumbwa hivi." Akaendelea kukwangua. "Ila kuna methali ya watu wa zamani kuhusu mficha maradhi. Mwisho wake umenitoka. Wewe unaukumbuka?"

Nilimwambia aende akaangalie mkokoteni wake kama haujaibiwa. Hakwenda.

Unajua nilichokuwa naogopa? Sikuogopa kukaripiwa. Niliogopa ule mkono begani. Niliogopa kumwona yule daktari akiniangalia kwa macho niliyowaangalia nayo wenzake siku zote hizi, na mimi nisiwe na mlango wa kuingia nikafunga. Na tena nilijiambia, maneno yangu yanabadili nini? Ana vipimo, ana kusoma. Kama kuna tundu ataliona. Atalionaje, bila kumfungua, na amesema atamfungua jioni kwa sababu mimi nimesema hapana?

Nikafungua wavu. Nikauinua mdomo wa Wifi, nikabonyeza ufizi kama nilivyoonyeshwa. Pakawa peupe. Nikangoja rangi irudi. Nikaondoa kidole nikangoja tena, nikajiambia ni kivuli changu, nikasogea upande wa dirisha. Hakikuwa kivuli. Ufizi mzima ulikuwa umepauka, wa rangi ya sponji kuukuu. Na alikuwa ameacha kuhangaika. Siku zote hizo nilimwomba atulie. Sasa alikuwa ametulia, na nikawa nataka ainuke atembee mpaka mlangoni.

Nikamkuta daktari amemshika paka shingoni, sindano mkononi.

"Nilivuta," nikasema. "Ijumaa. Mara mbili. Mara ya pili kwa nguvu. Si bwana mifugo, yeye hata hakumgusa. Ni mimi."

Mwanamke mwenye paka alifungua mdomo. Daktari aliweka sindano chini, akamkabidhi paka kwa mwenyewe, akaja kwenye kizimba karibu anakimbia. Akabonyeza ufizi. Akagusa tumbo, na Wifi hakuguna. Akaita, "Mama, andaa meza, tunaingia sasa hivi!" Akanigeukia akiwa tayari anakunja mikono ya nguo. "Umefanya vizuri kusema."

Afadhali angenitukana.

Mlango ukafungwa. Huu haukuwa na maandishi. Msumari akanisogezea nafasi kwenye benchi. Simu ikalia.

"Wanamfungua," nikamwambia binti yangu. "Alikula uzi wa kazi."

"Aliutoa wapi?"

"Sakafuni. Wapi pengine?"

"Kwani lile kopo hulitumii?"

Kopo gani, nilitaka kusema, na kabla sijasema nikaliona. Kopo la maziwa ya unga. Mke wangu, kila jioni, amejiinamia na kiuno chake kibovu, anaokota vipande vya uzi kimoja kimoja na kuvitia kwenye kopo, kisha anafunga kifuniko. Nilikuwa namcheka. "Unataka kusuka nyavu?" Anaokota kingine. "Mwenye ufagio anafagia, anayeokota uzi anatafuta nini?" Anaendelea kuokota. Na Wifi pembeni, anakodolea macho lile kopo kama watu wanavyokodolea sufuria. Nilidhani ni usafi uliopita kiasi. Wala hakuniambia, au aliniambia nami nikawa nasikiliza redio. Tangu aondoke karakana inafagiwa nikikumbuka, na sijui kopo liko wapi.

"Baba? Upo?"

"Nipo."

Tulikaa mpaka jua likahama kutoka benchi letu likaenda ukutani. Msumari aliondoka akarudi na chai, tukaisahau ikapoa. Nilisimama mara nyingi mpaka nesi, alipotoka kuchukua kitambaa, akaniambia, "Mzee, kaa, unanichosha mimi niliye na kazi." Nikakaa. Nikasimama.

Daktari alitoka akiwa anavua kofia. Mkononi alikuwa na kibakuli cha bati, na ndani mna uzi wangu, umejikunja, mrefu kuliko nilivyofikiri. Bado unang'aa mafuta.

"Yuko hai," akasema. Msumari akapiga goti lake kofi. "Ngojeni. Utumbo ulikuwa umejikusanya karibu wote. Nimeukata uzi mahali pengi, marinda yako yamefunguka. Nilikuta tundu moja. Nimeliziba, nimemwosha tumbo. Uchafu ulishaanza kumwagika, kwa hiyo siwezi kukudanganya, siku hizi zinazokuja ndizo zitakazosema. Akiamka akataka kula, tutafurahi. Asipotaka—" Hakumaliza. "Kesho uje na kitu chenye harufu ya nyumbani. Tandiko lake, au nguo."

Nikasema nitaleta. Nilijua nguo gani. Ipo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, hakuna aliyeigusa tangu mke wangu aondoke.

Alikuwa anageuka kuondoka nami nikagundua nimesimama mbele yake, nimeziba njia, vilevile nilivyosimama kwenye ile korido nyingine. Yeye hakunishika bega. Alisimama akangoja, kibakuli mkononi, damu kidogo kwenye buti.

"Daktari, nina swali."

"Uliza, mzee wangu."

Ndani, nesi akapaza sauti, "Daktari, anafungua macho!" Daktari akanisogeza kwa bega na kukimbia, buti zikilia sakafuni, na mimi nikabaki nauelekeza mdomo kwenye mlango unaopepea, maana swali lilikuwa limeshatoka:

"Lile tundu, ni la uzi peke yake, au ni la mkono wangu?"